Kisanduku cha Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 4 Machi

Noti zimeanza kuloa. Masika ya kwanza niliyoyakuta hapa, Bi Wafaa mwenye nyumba wangu aliniambia kwamba msimu huu fedha za kisiwa hiki cha Mafia hunuka samaki na mbata, nikadhani ananitania. Leo mzee mmoja ameleta akiba yake ndani ya mfuko wa sukari na mashine ya kuhesabia imeikataa mara tatu. Nimezianika noti juu ya printa, moja moja. Kwa nusu saa ofisi nzima ilinuka nazi iliyokaushwa, nami nilikaa nikizitazama zinavyojikunja pembe, nikasahau kabisa kwamba niko kazini.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu mkataba wangu na benki unaisha tarehe 31 Mei. Meza namba mbili, huduma kwa wateja, tawi la Kilindoni. Karibu miaka miwili sasa tangu nije kutoka Muleba, na imepita kama usingizi wa mchana. Hii miezi mitatu iliyobaki nataka niione ikipita.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mtandao umelala kutwa. Wateja wamekaa vitini wakiitazama mvua kana kwamba ndiyo itakayowahudumia.

Ijumaa, 8 Machi

Leo amekuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kirongwe, Mwalimu Chiku Awadh. Mrefu, baibui jeusi lenye matone mabegani, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Alipanga mbele yangu taarifa za akaunti yake za miezi saba, zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu kama madaftari ya darasa la nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu. Huyu ovadrafti ni nani?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Miezi saba tunaishi naye kwenye akaunti moja, na sikumbuki kumkaribisha."

Nikamweleza kama tulivyofundishwa: ni huduma. Salio likiisha benki inakulipia, akaunti inashuka chini ya sifuri; mshahara ukiingia benki inajilipa na kuweka ada yake juu. Akanionyesha mahali penyewe. Kila tarehe ishirini akaunti yake hutoa mchango wa ushirika wa akiba wa walimu. Zamani, kama fedha haikutosha, mchango ulisubiri mshahara na hakuna aliyemtoza kitu. Sasa kila mwezi anatozwa ada, riba, na faini. Kwa miezi saba inafika laki moja na elfu themanini na saba.

"Niliiomba lini?"

Nikatazama kwenye kompyuta. "Inaonyesha Agosti, mwalimu. Tarehe ishirini na nane."

"Agosti nilikuja kubadilisha kadi."

"Nitafuatilia," nikasema.

Alipokuwa akikusanya karatasi zake aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Muleba, kando ya ziwa. Hajawahi kuona ziwa. Akataka kujua kama maji yake nayo hupwa na kujaa. Nikamwambia hapana, maji yetu yanakaa palepale. Akafikiri kidogo. "Mtu si atachoka kuyaona?" akasema, akatoka mvuani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala mchana, mvua ikinguruma juu ya bati. Nimeota bahari ya Kilindoni imepwa na haikurudi. Watu walitembea mchangani mpaka mbali kabisa, wamebeba ndoo, wanaokota vitu vinavyong'aa. Nilijua kuna kitu changu huko. Sikuthubutu kushuka.

Jumanne, 12 Machi

Sijafuatilia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeingia stoo ya mafaili baada ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa nje. Stoo haina dirisha, na katika masika haya karatasi zimevimba. Faili ukilivuta linatoka polepole, linapumua unyevu. Nilikaa chini sakafuni, faili la Agosti magotini.

Fomu ya kubadilisha kadi ina kurasa mbili. Ukurasa wa pili, chini kabisa, kuna kisanduku kidogo: Naomba huduma ya ovadrafti. Kwenye fomu ya Mwalimu Chiku kisanduku hicho kina alama ya vema. Saini yake ni ya wino mweusi. Alama ni ya bluu.

Kalamu ya bluu ni yangu.

Niandike hapa, maana hapa hapasomi mtu. Agosti makao makuu walitupa lengo: kila ofisa alete wateja arobaini wa ovadrafti kabla mwezi haujaisha. Ishirini na tisa niliwapata kwa haki, nikimwuliza kila mmoja. Siku nne za mwisho walimu walifurika kubadilisha kadi. Walisaini, wakakimbilia gari la kurudi vijijini, nikabaki na fomu zao mezani. Nilihitaji kumi na moja. Mkono ukafanya. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka feni ikizunguka, na jinsi vema zile zilivyokuwa nyepesi kuandika, kama mtu anayekung'uta vumbi.

Bonasi ilikuwa laki mbili na nusu. Yote niliipeleka kwenye mkopo wangu wa chuo, kupunguza adhabu iliyojilimbikiza ile miaka miwili niliyokaa nyumbani bila kazi. Risiti ilipokuja kwenye simu niliibusu.

Halafu nikasahau. Sidanganyi: nilisahau, kama unavyosahau ndoto ukishanawa uso. Wala sijui kama kusahau kunapunguza kitu au kunaongeza.

Ijumaa, 15 Machi

Meneja wetu, Bwana Valence, hula peke yake akiwa amefunga mlango, na akitoka meza yake haina hata chembe ya wali. Nilimpelekea lalamiko la mwalimu. Hakulisoma mpaka mwisho.

"Ana saini?"

"Anayo."

"Basi mpe ile barua ya kawaida."

Nimeiandika, nimegonga muhuri. Maneno yake nayajua kwa moyo: kwa mujibu wa saini yako, ulikubali masharti yote.

Ijumaa, 22 Machi

Mwalimu Chiku ameisoma barua akiwa amesimama, kwa sauti, pole pole, kama anayesomea darasa imla. 

"‘Kwa mujibu wa saini yako.’ Haya. Nionyeshe."

Ni haki ya mteja kupewa nakala. Nilimtolea. Aliisogeza karibu na miwani, kisha akaiweka mezani, akagonga kile kisanduku kwa ukucha.

"Saini ni yangu. Hii si yangu. Mwanangu, nimeweka vema miaka thelathini na moja. Yangu mkia wake unapanda juu. Hii imelala." Akainua macho. "Hii imewekwa na mtu wa huko Dar es Salaam, sivyo? Kwenye makompyuta yao?"

Nikasema tutaendelea kufuatilia.

"Pole," akaniambia. "Wanakutesa bure, wewe unayekaa hapa kutupokea sisi."

Jumapili, 24 Machi

Sikwenda kanisani.

Ijumaa, 5 Aprili

Mtandao umekufa saa nne, umeme saa tano. Mwalimu alikuwa amekuja na barua yake ya kulalamika upya, na mvua ikamfungia ndani pamoja nasi. Nikamvutia kiti upande wangu wa kaunta, jambo ambalo haliruhusiwi. Bwana Valence aliona, akapita.

Tulikaa katika mwanga ule wa kijani unaoingia mlangoni mvua ikinyesha kwenye minazi. Akaanza kunisimulia alivyokwenda chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na tatu. Alipangiwa hosteli na wasichana, kitanda cha juu. Usiku wa kwanza hakulala, aliogopa ataanguka, halafu watu watasema nini huko Kirongwe. Wasichana walimwita mama, wakamfundisha kutumia kompyuta, naye akawafundisha kukuna nazi. Alisoma kwa mkopo, kama wao.

"Septemba ndipo walipoanza kunikata deni lile," akasema. "Mshahara ukapungua, tarehe ishirini ikawa hainikuti na kitu. Ndipo huyu ovadrafti wako akapata nafasi."

"Utamaliza lini, mwalimu?"

"Mwaka ninaostaafu. Nikienda kuchukua cheti cha kuagwa, deni nalo linaagwa. Na wewe?"

"Mimi nikifika thelathini na nane."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi tumesoma darasa moja," akasema, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na chaki kwenye mistari ya kiganja. Nilitamani mtandao usirudi. Nilitamani pia urudi saa ileile.

Jumapili, 7 Aprili

Bamvua. Maji yamepanda mpaka kwenye ngazi za soko la samaki, na mchana yakaondoka yote. Nimetembea mpaka yalipoishia. Hakuna ndoo, hakuna vinavyong'aa. Kaa wadogo tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mwalimu amenialika Jumatatu ya Pasaka niende naye kisiwa cha Juani kwa wajomba zake. "Sikukuu yenu, na wewe huna mtu hapa." Nimekubali. Nitamwambia huko.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili

Tulikwenda Utende kwa bodaboda mbili, zikifuatana kwenye matope. Kwenye geti la Hifadhi ya Bahari askari alitusimamisha, daftari mkononi, maana wageni hulipia kuingia.

"Huyu mkazi au mgeni?"

Kabla sijafungua mdomo mwalimu alisema, "Mkazi. Huyu wangu."

Boti ya abiria ilituvusha saa tatu. Maji yalikuwa meupe, yametulia, unaona majani ya chini yakilala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Wajomba walitupa chai na mihogo ya nazi, kisha mwalimu akasema lazima nione magofu ya Kua, haiwezekani mtu akae Mafia miaka miwili hajaiona Kua.

Sijui niieleze vipi. Ni mji, na hamna mtu ndani yake. Kuta za mawe ya matumbawe zimekumbatiwa na mizizi minene kama mapaja, na milango imebaki imesimama hata pale ukuta ulipokwisha anguka, kwa hiyo unaweza kuuzunguka mlango na bado ukaona aibu kutoupitia. Mvua ilikuwa imekatika. Matone yalianguka kutoka majanini moja moja, yakisikika mbali. Mwalimu alitembea mbele yangu akitaja vyumba: hapa walipokea wageni, hapa walioga, hapa bila shaka walidaiana. Sauti yake ilinijia kama ya mtu anayeongea upande wa pili wa usingizi, na nilihisi kwamba nikinyamaza siku hii haitaisha, tutakuwa tunatembea hivi hivi, mimi na yeye, mimi nikiwa wake.

"Mwalimu," nikasema. "Kalamu ya bluu ilikuwa yangu."

Aliendelea kupapasa ukuta kwa hatua mbili tatu.

"Unasema?"

"Ile alama. Niliiweka mimi. Hakuna mtu wa Dar es Salaam."

Aligeuka. Hakukasirika kwanza. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

"Mimi nakuja kila wiki na swali, na jibu unalo mfukoni?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimekupa pole."

"Ndiyo."

Alikaa juu ya jiwe, baibui likaingia kwenye tope, hakulijali. Akauliza kwa nini. Nikamweleza lengo, bonasi, mkopo wa chuo, adhabu. Nilipotaja mkopo aliinua mkono kunizuia, na sikumaliza.

"Novemba sikumpelekea mama yangu dawa ya presha," akasema. "Nilimwambia duka limefungwa. Mwanamke wa miaka themanini, nimemdanganya kwa uso mkavu, nikijilaumu kwamba ni mimi nisiyejua kupanga fedha. Kumbe vema yako." Tone likaanguka, jingine likaanguka. "Tuko wangapi?"

"Kumi na moja."

"Waandike majina."

"Nitawaandika."

"Sikukwambia useme utawaandika. Nimesema waandike."

Nikatoa karatasi kwenye pochi, nikaandika nikiwa nimeegemea mlango mmoja usio na ukuta. Nilishangaa: majina yote yalikuja, kwa mpangilio, kama nayasoma. Aliisoma orodha, akaikunja, akaitia kifuani. Watatu anafundisha nao.

Katika boti ya kurudi alikaa mbele, mimi nyuma. Utende alipanda bodaboda bila kunisubiri. Nililipa yangu.

Jumatano, 24 Aprili

Homa. Bi Wafaa ameniletea uji wa pilipili manga, ameniwekea kanga yenye maji usoni. Ukuta ulikuwa ukienda na kurudi.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeingia kwa meneja, nimefunga mlango, nimesema yote nikiwa nimesimama. Bwana Valence alinisikiliza mpaka nilipomaliza. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi, akaitazama, akairudisha. Ulikuwa mkataba wangu mpya. Niliuona muhuri.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu Chiku."

"Huyo tutamrudishia. Tawi lina fungu dogo la kuwaridhisha wateja, nitasaini mwenyewe, wiki ijayo fedha itakuwa kwenye akaunti yake. Hao kumi hawajalalamika."

"Hawajui cha kulalamikia, meneja."

"Recho." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Una deni la chuo. Una mama. Kazi kwa mtu wa aina yako na yangu haipatikani mara mbili. Nenda kaendelee na kazi."

Nikaenda. Nikaendelea na kazi.

Jumanne, 7 Mei

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Mji umenyamaza, hata mvua imeshuka taratibu. Nimekula mkate wangu stoo nikijificha.

Alhamisi, 9 Mei

Laki moja na elfu themanini na saba, pamoja na makato ya Machi na Aprili, zimerudi kwenye akaunti ya mwalimu. Nilitazama namba ikigeuka. Nilitegemea kulala vizuri.

Ijumaa, 10 Mei

Nimelala vizuri. Ndiyo, nimelala, na nimeamka nikiwaza rangi ya pazia nitakalonunua mkataba mpya ukitoka. Siku mbili nimekuwa mtu wa kawaida, na zilikuwa tamu.

Jumatatu, 13 Mei

Mwalimu alikuja saa tano, amefunga, ametoka Kirongwe nyuma ya pikipiki na mvua. Hakuketi.

"Nimeona fedha. Nimeshukuru. Na wale kumi?"

"Mwalimu, meneja amesema..."

"Sikumwuliza meneja. Nimekuuliza wewe, dada wa benki."

Dada wa benki. Alisema kwa adabu kamili, kama anavyomwambia mtu asiyemjua.

"Nikisema nafukuzwa kazi, mwalimu. Na deni lile halifukuzwi pamoja nami."

"Najua. Nalilipa mimi pia, usinieleze." Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio. "Mimi ningeweza kuwaambia, orodha ninayo. Nimeikalia wiki tatu. Lakini wakisikia kwangu watajua tu kwamba wameibiwa. Fedha yao itarudishwa na maneno yako, si yangu."

Akaondoka. Mbele ya kiti cha wateja, pale aliposimama, pakabaki kidimbwi kidogo cha maji. Nikakitazama mpaka kikakauka, na kilipokauka ilikuwa saa nane. Nikafungua barua pepe ya kitengo cha ukaguzi, makao makuu. Nikaandika: Mimi Recho, ofisa wa meza namba mbili. Nikaandika jinsi ilivyokuwa, nikaweka majina kumi na moja, la mwalimu likiwemo. Mtandao ulikuwa unasuasua. Mstari wa kutuma ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Ningeweza kuufuta. Nilikunja mikono nikasubiri mpaka ulipofika.

Kisha nikaenda kumwambia Bwana Valence, ili asisikie kwa watu.

Jumatano, 15 Mei

Hakuna jibu. Meneja hasemi nami. Mvua.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Amekuja kwa ndege ya asubuhi Bi Angela wa ukaguzi, viatu vyake vimejaa matope kabla hajafika mlangoni. Saa tatu nzima tumekaa stoo, yeye na taa ya simu, akilinganisha wino. Ni mtu mkavu lakini si mkatili. Mwishoni akaniuliza kama naelewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa ananitafuta. Nikasema naelewa.

"Mwalimu mmoja alilalamika, akalipwa, basi. Faili lilikuwa limefungwa."

"Naelewa, dada."

Akanitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kosa kwenye jumla.

Jumatatu, 27 Mei

Barua imekuja. Wateja wote kumi na moja watarejeshewa makato yao, na huduma itafungwa kwenye akaunti zao. Bonasi itakatwa kwenye mshahara wangu wa mwisho. Kwa kuwa nimejisema mwenyewe hawatanipeleka polisi. Mkataba hautaongezwa.

Nimempigia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake kuku wakilia.

"Na deni la chuo?"

"Lipo, mama. Halijaenda popote."

"Mh," akasema. Kisha akaniuliza kama huku ndizi zinapatikana.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho. Nimekabidhi muhuri, funguo, kadi ya mlangoni. Saa kumi Bwana Valence akaja mezani kwangu akakaa kiti cha wateja, mara ya kwanza tangu nifike hapa. Naye amepewa onyo kwa maandishi. Nilidhani amekuja kunilaumu.

"Agosti ile," akasema, akitazama mikono yake, "lengo la tawi zima lilikuwa shingoni mwangu. Ulipoleta arobaini kamili sikukuuliza umezipataje. Nilijua nisiulize."

Miaka miwili nimemwona mtu wa mawe. Leo nimeona jinsi kola yake ilivyolika shingoni, ikapinduliwa na kushonwa upya kwa mkono, kwa nyuzi ndogo ndogo.

"Binti yangu anaingia chuo Oktoba," akasema. "Nimemwombea mkopo."

 

Jumatano, 5 Juni

Idi. Bi Wafaa amekataa kodi ya mwezi huu na amenijazia sahani ya pilau mara mbili. Jua limewaka tangu asubuhi. Mji mzima unatoa mvuke.

Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu Chiku amempigia simu Bi Wafaa, si mimi. Ushirika wao wa akiba una mkutano Jumamosi Kirongwe. Watu wana makaratasi ya benki hawayaelewi. Kama yule dada hajaondoka, aje.

Jumamosi, 8 Juni

Tulikaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti ya watu wazima yamefika kifuani. Walimu kama ishirini, na wengine wasio walimu: mabwana shamba, muuguzi wa zahanati, wazee wa korosho waliosikia habari. Kila mmoja ana taarifa yake ya akaunti, ameikunja ndani ya nailoni. Wale kumi walikuwepo, na hawakuniamkia. Niliwaomba radhi mbele ya wote, jina kwa jina. Mmoja alitoka nje. Wengine walinitazama. Mwalimu Chiku alikuwa nyuma, akiandika kumbukumbu za mkutano, hakuinua kichwa.

Kisha kazi ikaanza. Wakaja mmoja mmoja kwenye meza ya mwalimu wa darasa, nami nikawasomea. Hii ni ada ya kadi. Hii ni kodi ya serikali. Hii, mwalimu, umetoa mwenyewe, Kilindoni, mkesha wa Idi. Watu wakacheka, na kucheka kukapunguza kitu hewani. Mvua nyembamba ilirudi madirishani. Ilinijia hali ile ya utulivu ninayoipata nikisoma namba za watu: kila mstari ni siku ya mtu, alinunua, alituma, alipungukiwa. Ningeweza kusoma mpaka kesho.

Akaja Mzee Ussi, mlinzi wa shule. Aliweka karatasi yake mezani kwa mikono miwili. Nikasoma, nikafika Agosti, tarehe sita, nikakwama.

Ovadrafti. Ada, kila mwezi. Hayumo katika wale kumi na moja.

"Mzee," nikasema, "huduma hii uliiomba mwenyewe?"

"Si uliniuliza wewe?" Alifurahi akidhani namkumbuka, na mimi sikuwa namkumbuka hata kidogo. "Nilikuja kufungua akaunti. Ukaniuliza, mzee, unataka na hii? Nikakwambia andika tu, mwanangu, wewe ndiye unayejua. Nikaweka dole."

"Ulijua ni kitu gani?"

"Nilidhani bima."

Basi alikuwa mmoja wa ishirini na tisa. Wale wa haki, niliowauliza. Miezi yote hii, hata kule Kua, hata siku ile nilipoituma barua, nilikuwa nimesimama juu ya hao ishirini na tisa kama mtu aliyesimama juu ya mwamba, na maji yalikuwa chini yake muda wote.

Mvua ilizidi. Nikajiambia nisubiri ipungue ndipo niseme, maana watu hawatanisikia. Haikupungua. Nikasimama.

"Nani mwingine hapa," nikasema kwa sauti kubwa, "nilimwuliza, akaniambia niandike tu?"

Kwanza hakuna. Kisha mkono mmoja karibu na dirisha. Muuguzi. Kisha mzee wa korosho, nusu nusu, kama hana hakika. Kisha wengine. Nilihesabu sita, na mlangoni kulikuwa na mtu anauliza jirani yake nimesema nini.

Mwalimu Chiku alifunga daftari la mkutano. Akaja mpaka mbele, akavuta kiti, akaketi kando ya meza yangu, akafungua karatasi safi.

"Anza na Mzee Ussi," akasema. "Jina lake kamili, na tarehe. Polepole, naandika."